MREJESHO: Heroes 3 imekubali kwenye simu

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza jinsi ya kucheza Heroes of Might and Magic III, lile gemu la 1999, kwenye Android. Asanteni sana, imekubali!

Nilifuata ushauri wa mkuu aliyesema VCMI ni injini tu, yaani programu ya kuendesha gemu, iliyoandikwa upya na mashabiki, haiji na picha wala sauti, lazima uwe na gemu lenyewe ulilonunua. Mi ninayo Complete (toleo la gemu hilo lenye nyongeza zake) kwenye kompyuta basi nikahamisha folda za Data, Maps na Mp3 kwa waya wa USB, nikaielekeza VCMI zilipo ikazivuta yenyewe. Mwanzo nilipeleka Data peke yake ikagoma, pelekeni zote tatu.

Maandishi yalikuwa madogo mno, dada aliyeniambia nikuze skrini kwenye setingi ubarikiwe, sasa nasoma vizuri.

Kilichoshindikana ni seivu zangu za zamani, VCMI haifungui seivu za gemu la asili, kwa hiyo kampeni nimeanza upya na imeniuma maana nilikuwa mbali. Ila jana umeme umekatika nimecheza na Castle, mji mmojawapo wa kuchagua kwenye gemu, hadi nikapata malaika wa kwanza, raha yake siwezi kuieleza.