Usaili wa Mtendaji wa Kijiji ni Jumamosi, majina ya NIDA na ya cheti hayafanani. Naombeni ushauri

Nyota ya Jioni
Habari za jioni wakuu. Nisaidieni, tangu juzi usingizi umenikataa.

Niliomba kazi ya Mtendaji wa Kijiji Daraja la III kwenye Ajira Portal, ule mfumo wa kuombea kazi za serikali, na jina limetoka kwenye tangazo la kuitwa kwenye usaili. Mtihani wa mchujo ni Jumamosi hii, Dodoma. Shida iliyopo, jina la NIDA (kitambulisho cha taifa) na la kwenye cheti cha kidato cha nne hayafanani. Kuna kiapo cha wakili, kimepandishwa kwenye mfumo pamoja na vyeti.

Naomba kujua mambo mawili. Hicho kiapo kinatosha? Na vyeti halisi vinakaguliwa siku ya mchujo au siku ya mahojiano? Msinitukane tafadhali.

Dogo wa Hombolo
Hongera dada, wengine tunaomba kila tangazo na jina halijawahi kutoka.

Kwa mchujo wa mtendaji kaza hapa: Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Sura 287, ibara ya 145 na 146 za Katiba, majukumu ya Halmashauri ya Kijiji, wajumbe wake ni kati ya 15 na 25, robo yao wanawake. Mkutano Mkuu wa Kijiji kila miezi mitatu, mwenyekiti ni nani, katibu ni nani (ni wewe mtendaji, wengi wanaanguka hapo). Ingia kwenye akaunti yako unakili namba ya mtihani mapema, mlangoni hawagawi. Ukipata chini ya 50 hesabu umeenda kutalii.

Ukitaka nina maswali niliyokusanya, nitakutumia.

Gari la Mkaa
Tena nauli yako, chakula chako, gesti yako. Mimi mwaka juzi nilifika usiku nikakuta kila gesti imejaa wasailiwa wenzangu. Nililala kwenye benchi la mama ntilie karibu na stendi ya Nanenane, suti nimeitundika kwenye msumari juu ya karai. Saa kumi na moja mama kawasha jiko, kaanza vitumbua. Nimeingia kwenye mahojiano nanukia mafuta ya kukaangia, msaili mmoja mama mtu mzima kaniangalia, kaniuliza, "Kijana, umekunywa chai?" Nikamjibu sijanywa. Swali hilo tu ndilo nililojibu kwa uhakika siku ile.

Kibatari
Nyota, hayafanani kivipi? Herufi imezidi? Mpangilio umegeuka? Jina la mume limeingia? Kila ugonjwa na dawa yake.

Nyota ya Jioni
Ni tofauti ndogo tu mkuu. Cha muhimu kiapo kipo na kina muhuri.

Shangazi Kaja
Ndiyo maana nawaambia mabinti wasichukue majina ya waume. Mimi niliolewa 1998 nikabadili kila kitu hadi kadi ya kliniki. Bwana akaondoka 2004 na redio, jina akaniachia. Mpaka leo benki wananiita kwa jina la mtu aliyeniacha. Kila nikiitwa dirishani nasikia kama natukanwa.

Kibatari
Pole Shangazi. Nyota, ndogo kivipi? Toa mfano.

Mwl. Mstaafu
Mwanangu, ukienda kwa daktari huku umeficha kidonda, dawa utapewa ya kichwa. Sema.

Nyota ya Jioni
Haya. Majina yote matatu ni tofauti.

Tuseme NIDA ni A na cheti ni B. Hawa ni watoto wa mtu na mdogo wake. Walimaliza darasa la saba pamoja mwaka 2009. B alichaguliwa kwenda sekondari ya kata, A hakuchaguliwa. Lakini kwa kina B baba alishafariki, na ile fomu ya kujiunga ilikuwa na ada elfu ishirini, dawati, rimu, jembe, ndoo, ufagio wa chelewa na sare mbili. Kwa kina A kulikuwa na ng'ombe. Wazazi wakakaa kikao, mwalimu akaitwa akala kuku, ikapitishwa A aende kwa jina la B, na B apelekwe Dar kufanya kazi za ndani. Januari 2010 A akaingia kidato cha kwanza. Mimi ndiye A.

NIDA ilikuja Januari 2020, kile kipindi cha foleni za kusajili laini kwa alama za vidole. Barua ya utambulisho iliandikwa kwa jina la nyumbani, basi ikawa hivyo.

Msinihukumu. Walioingia sekondari kwa majina ya wenzao miaka ile ni wengi na wako maofisini wanasaini mafaili. Kiapo kinasema A na B ni mtu mmoja. Kinatosha au hakitoshi?

Gari la Mkaa
Subirini kwanza. Mtendaji si ndiye anayeandikia watu barua za utambulisho? Yaani mwananchi atakuja ofisini, "Mheshimiwa nithibitishie kuwa mimi ni mimi", na wewe mezani unawaza mbona mimi siyo mimi!

Kibatari
Gari acha utani kidogo.

Dada, kiapo cha majina ni cha yule aliyeandikwa Zainabu huku na Zainab kule. Mtu aliyebadili jina kweli anatengeneza deed poll na kuisajili kwa Msajili wa Hati, na matangazo ya usaili yanaitaja. Lakini hata hiyo haikufai. Deed poll inasema zamani niliitwa hivi, leo naitwa vile. Wewe hukuwahi kuitwa B. B ni mtu mwingine, ana mama yake na siku yake ya kuzaliwa. Wakili aliyegonga muhuri hapo ama hukumwambia yote, ama alipewa bei nzuri.

Rudi usome mstari wa chini wa lile tangazo la kazi, ule unaosema watakaowasilisha taarifa za kughushi watachukuliwa hatua za kisheria. Kujifanya mtu mwingine ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na kuapa uongo ni kosa jingine.

Bonde la Wembere
Mmesahau Aprili 2017? Magufuli anakabidhiwa ripoti pale Dodoma, watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Na kwenye ripoti hiyohiyo kulikuwa na vyeti 1,538 vinavyotumiwa na watu 3,076. Gawanya mwenyewe. Cheti kimoja, watu wawili, kama nyie. Jirani yangu alikuwa muuguzi miaka kumi na tisa, mkono mwepesi kuliko wote wilayani, watoto walikuwa wanamlilia yeye ndiye awachome sindano. Aliondoka na mkoba wake tu. Ilipofika 2022 ndipo wakaruhusiwa kurudishiwa michango yao ya mfuko. Alinunua cherehani.

Mwl. Mstaafu
Hapa sitakaa kimya. Nilikuwa mwalimu mkuu miaka ya tisini, kijiji sikitaji. Wakati huo shule nzima inaweza kufaulisha wawili. Aliyefaulu anaolewa mwezi wa kumi na mbili, nafasi inabaki wazi. Baba mwenye mtoto aliyekosa anakuja usiku na tochi. Nilipeleka watatu kwa njia hiyo. Mmoja kwa kuku, mmoja kwa bati sita za nyumba ya mwalimu, mmoja bure kwa sababu alikuwa na akili kuliko aliyefaulu na roho iliniuma.

Niliwaza hivi: nafasi ikipotea, kijiji kinapoteza. Huyu aliyeacha jina lake nyuma sikuwahi kumwaza, naandika hapa kwa aibu. Mmoja wao nilikutana naye sokoni mwaka juzi, ana wajukuu. Alinisalimia, "Shikamoo mwalimu", akanifungia nyanya na za nyongeza. Sikuweza kumwita jina.

Shangazi Kaja
Na huyo B wa kwenu yuko wapi? Yupo hai?

Nyota ya Jioni
Yupo. Wameshaongea. A akianza kazi B atakuwa anapata elfu hamsini kila mwezi. Ni mambo ya kifamilia hayo, msiyaingilie. B mwenyewe hana neno.

Gari la Mkaa
Elfu hamsini kwenye mshahara wa TGS B? Hapo Bodi ya Mikopo haijakata, mfuko wa pensheni haujakata, benki haijakata. Huyo mtendaji atabaki na pikipiki ya kijiji tu.

Dogo wa Hombolo
Dada maswali bado unayahitaji? Chuo ulisoma wapi, ulichukua utawala au maendeleo ya jamii? Nijue nikutumie yapi.

Mzee wa Kahawa
Nimesoma kuanzia juu. Hii ni chai wakuu, tena ya rangi.

Mtu ana usaili Jumamosi, Dogo amemmwagia nondo za bure, hajasema hata asante. Mwenye usaili kweli angemganda kama kupe. Kaulizwa chuo, kimya. Mtu aliyekaa kwenye jina la mwenzake miaka yote hiyo anasimulia "A akaingia kidato cha kwanza" kama anasoma taarifa ya habari. Ukimuuliza mtu kuhusu siku yake ya kwanza sekondari atakwambia viatu vilimbana. Huyu amekariri fomu ya kujiunga mpaka ufagio wa chelewa, halafu shuleni kwenyewe hakuna hata harufu ya uji.

Mods, uzi huu uhamishieni kwenye hadithi.

Nyota ya Jioni
Chai? Kaka usinijue hivyo. Mtu anaamka saa kumi usiku Tabata, anafua shuka za kikojozi wa miaka tisa, anapigiwa simu na mama yake kwamba "jina lako limetoka huku, umepata daraja la pili", anacheka na povu mkononi, halafu anakumbuka. Yeye miaka minne yuko darasani, B miaka minne yuko kwenye beseni, leo nije nitunge hadithi kwa ajili ya nani?

*Ujumbe huu umehaririwa na mwandishi*

Bonde la Wembere
Amehariri sasa hivi, kaweka "B" pale palipokuwa na "mimi miaka minne niko kwenye beseni". Amechelewa, nimeshapiga picha ya skrini.

Gari la Mkaa
Mamaaa.

Kibatari
Nilikuwa nayasoma upya maswali yako mawili ya mwanzo. Hukuuliza utajiandaaje, wala utajiteteaje. Uliuliza kama kiapo kinatosha na vyeti vinakaguliwa lini.

Dada, wewe ni B.

Mzee wa Kahawa
Bado nasema chai, ila sasa imetiwa tangawizi.

Shangazi Kaja
Mzee nyamaza. Mwanangu B, upo? Hujala kitu leo wewe, najua.

Nyota ya Jioni
Nipo.

Sikutaka kudanganya. Niliona nikiuliza kama mimi mtaniambia nina wivu, kama nilivyoambiwa nyumbani. A alikuja wiki mbili zilizopita na karatasi ya kiapo na soda. Ni dada mzuri, sitasema vibaya. Alisema nisome tu ili nisishtuke nikisikia. Nimeisoma mara tatu. Inasema yeye na mimi ni mtu mmoja. Sasa kama yeye na mimi ni mtu mmoja, mimi nimebaki wapi?

Mwenzenu mwaka huu nilikuwa nimejipanga nisome QT, ule mtihani wa kufuzu kufanya kidato cha nne. Dukani ninapouza nikimaliza saa mbili usiku kuna darasa jirani. Mwalimu wa pale kaniuliza, "Hujawahi kufanya mtihani wa kidato cha nne?" Nilisimama kama bubu. Jina langu limefanya. Limepata daraja la pili.

Mwl. Mstaafu
Mwanangu, nisamehe kwa niaba ya yule aliyekula kuku.

Bonde la Wembere
Piga barua leo leo. Jumamosi akute askari mlangoni.

Shangazi Kaja
Askari wa nini, ni mtoto wa mama yake mkubwa huyo! Likizo wanalala nyumba moja. Nyanya yenu mmoja, mtazikana. Chukua hiyo hela, usome QT yako, wewe utatafuta njia.

Kibatari
Kwa jina lipi, Shangazi?

Dada, anuani iko kwenye tangazo lenyewe: Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Ila ujue ikishapokelewa hairudi nyumbani. Haitamgusa A peke yake, wataulizwa wazazi, ataulizwa mwalimu kama bado yupo. Mimi ningeanza kwa kumwita A kabla ya Jumamosi, mkakaa wawili bila soda na bila wazee, ukamwambia asiende. Asipoenda kwenye usaili, hapo angalau hamjaongeza kosa jipya. Halafu mwende wote kwa mwanasheria, hata wa msaada wa kisheria, mumwambie yote tangu 2009.

Na kitu kimoja muhimu: usipokee hata senti. Ukishapokea na wewe umo.

Nyota ya Jioni
Alinitumia jana ya kwanza. Alisema ni ya kufungulia njia. Nimeshalipia kodi ya chumba.

Gari la Mkaa
Leo sina utani.

Kibatari
Muamala ulikuja kwa jina gani?

Nyota ya Jioni
Jina lake la nyumbani, A. Yangu mimi laini nimesajili kwa jina langu. Kwenye simu tuko wawili, inaonyesha ametuma A, amepokea B.

Kibatari
Usiufute huo ujumbe. Usiufute kabisa.

Mtoto wa Fundi
Wakuu habari za usiku, samahani sijasoma uzi wote. Mwenye maswali ya mchujo ya mtendaji wa kijiji anirushie, na mimi nimeitwa Jumamosi.

Dogo wa Hombolo
Njoo PM.