"Hii ndiyo yote?" Nimetoka Nairobi kuja kumuona bibi, nikapimiwa sukari barazani

KahawaTungu:
Wadau, naandika nikiwa nimejifungia chooni kwa bibi, huku Likoni. Mkiona herufi zimepinda jueni ni hasira, na pia taa ya humu imeungua.

Simtaji. Sina haja. Kila ukoo wa Mombasa unaye: yule mwenye funguo za friji kifuani, anayekumbuka nani hakuchanga kwenye hitima ya babu na nani alichanga kwa deni. Mshamjua. Haya.

Nimepanda treni ya asubuhi, ile ya kusimama Emali, Kibwezi, Mtito, Voi, Mariakani, kidogo tu isimame na kwa kila mbuyu. Nauli 1,500, na 2017 ilipoanza tulikuwa tunalipa 700, lakini hayo tuyaache. Kule stesheni ya Nairobi tumepanga mizigo chini kwa mstari, mbwa wa ukaguzi akaletwa. Akanusa sukari yangu, akanusa majani ya chai, akapita zake. Mbwa! Hakuniuliza kitu.

Miritini nikadandia matatu hadi mjini, mjini hadi feri, feri nikabanwa kwapani mwa mtu asiyejua maji ni nini. Nafika kwa bibi baraza imejaa. Wajomba, wake wa wajomba, watoto nisiowajua majina, na jirani mmoja aliyekuja kuazima ungo akasahau kuondoka. Bibi maskini macho hayaoni vizuri tena, lakini aliponishika mkono hakuuachia. Nikatoa vitu nilivyoleta. Na yeye, MNAMJUA, akaunyanyua mfuko wa sukari kwa vidole viwili, kama mkia wa panya, akautikisa kidogo, akauliza:

"Hii ndiyo yote?"

Mbele ya watu wote. Mbele ya jirani wa ungo!

Sasa bibi masikio nayo yamechoka. Akauliza, "Asema nini?" Mtu mwenye haya angesema "hakuna kitu mama". Yeye akainama hadi sikioni: "NASEMA, HII NDIYO YOTE?" Wallahi meli za Kilindini zilipiga honi. Mle kwenye feri kuna watu waligeuka kutazama mifuko yao.

Chai ilipoiva nani wa kwanza kujipimia? Kwa sukari ile ile! Ametia mpaka kijiko kikasimama wima. Akaonja, akasema haijakolea.

Hii ndiyo yote. HII. NDIYO. YOTE. Sitaki ushauri. Nataka majibu ambayo ningempa pale pale, maana mimi mdomo ulikauka nikabaki kucheka "hehe".

Mchele_Pishori:
Pole dada. Lakini kwani, samahani, ilikuwa ndiyo yote?

KahawaTungu:
Na wewe pia!!

Mchele_Pishori:
Nauliza tu. Kilo ngapi?

KahawaTungu:
Mbili.

Mchele_Pishori:
Aaah.

Bin_Kobe:
Kilo mbili kwa baraza iliyojaa? Huyo shangazi amekustahi sana. Wetu angeirudisha na nauli juu.

KahawaTungu:
Nani amesema ni shangazi? Mimi sijasema shangazi.

Bin_Kobe:
Hukusema. Sote twajua.

Bint_Changamwe:
Wewe una bahati umetikisiwa sukari. Mimi Idi nimekwenda kwa bibi Kisauni na keki nimeoka mwenyewe, usiku kucha sijalala. Wa kwetu akaibonyeza kwa kidole katikati, akasema "hii imekufa". Kidole kimebaki pale pale kwenye keki! Watu wamekula wakizunguka lile shimo.

KahawaTungu:
Pole sana ila turudi kwa sukari. Alitumia VIDOLE VIWILI.

Mwana_wa_Kibokoni:
Yakhe, mambo haya hayajibiwi kwa mdomo. Nenda Biashara Street, mchukulie leso. "Hasidi hana sababu." Mpe mbele ya watu hao hao, kwa adabu, umshike na mkono. Aisome mwenyewe.

Bint_Changamwe:
Hiyo kila mtu anayo. Ukimpa ataifanya tandiko la mlangoni, na wewe ndiye utakayefutia miguu.

Bin_Kobe:
Halafu atamuuliza, "doti moja tu? Hii ndiyo yote?" 😂😂😂

KahawaTungu:
Nyie ni watu wabaya.

Afisa_Usafi:
Samahani, hujasema ni mfuko gani. Kama ulikuwa wa plastiki, hiyo ni marufuku tangu Agosti 2017. Huenda mama wa watu alikuwa anashangaa mfuko, si sukari.

KahawaTungu:
Ni ya paketi ya karatasi, ndani ya mfuko wa kitambaa!! Kwani hapa mahakamani?

Dereva_Mstaafu:
Mimi hayo ya sukari siyajui. Lakini mnaongea treni mnapita juu juu. Reli ya zamani ilikuwa inakushusha katikati ya mji, unatoka na sanduku lako unatembea. Leo unashushwa Miritini huko, unalipa tena matatu, na yule kondakta (mnamjua, wa kofia ya sufu jua kali) anataka ulipie na begi kama mtu mzima.

Bint_Changamwe:
Huyooo! Mimi aliniambia begi langu limekaa dirishani kwa hivyo lilipe zaidi.

Mchele_Pishori:
Mimi alinipakatisha kuku wa mtu mpaka Changamwe. Chenji hakunipa. Kuku ndiye aliyenisikitikia.

Dereva_Mstaafu:
Ndiyo maana siku hizi mimi na gari langu napita Dongo Kundu. Sijui feri, sijui foleni, natokea zangu upande wa kusini.

Mwana_wa_Kibokoni:
Sasa sisi wa Mji wa Kale tukupigie makofi kwa kuwa una gari?

KahawaTungu:
Jamani. Uzi ni wangu. Bado niko chooni na jirani wa ungo anabisha mlango.

Bin_Kobe:
Mfungulie, labda anataka chai.

Mchele_Pishori:
Dereva, hiyo njia ya Dongo Kundu usiku ina taa?

Dereva_Mstaafu:
Wewe una gari?

Mchele_Pishori:
Sina.

Afisa_Usafi:
Kuna mtu yuko feri saa hizi? Foleni ya magari imefika wapi?

Bint_Changamwe:
Imetoka nje ya geti. Kama hujaondoka nyumbani, kaa.