Kikundi: Ukoo wa Babu, Safari ya Marangu 🏔️

Da Mkubwa: Jamani zimebaki siku 9 na waliojibu kuhusu nguo ni wawili tu. Hatuendi Kigamboni kuogelea!! Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, sisi tunatoka usawa wa bahari, kambi ya Mandara kule Mlima Kilimanjaro ni mita 2,720, pigeni hesabu wenyewe

Kibonge: nyuzi 16 zote hizo? huku Tandika mi bila feni silali 😂

Baba Pacha: Si Julai bana, kiangazi hakuna mvua

Da Mkubwa: Baba Pacha ule ni msitu, ukungu na manyunyu yapo hata kiangazi, na ukilowa ndo umekwisha. MSIVAE JINZI, ikilowa haikauki inakugandia mwilini na baridi lake. Nendeni soko la Karume asubuhi mtafute sweta la sufu, mzula, soksi nzito na koti la mvua lenye kofia. Nguo za kubadili msifunge kwenye rambo, zilipigwa marufuku tangu 2019

Mama Pacha: Koti la mvua nilikuwa nalo. Nikaliazimisha Lushoto. Aliyelichukua yumo humu anasoma

Kibonge: 🙈

Da Mkubwa: Hilo tutaongea pembeni

Mama Pacha: Pembeni miaka 4? Mwanangu alirudi meno yanagongana, mkasema mtoto wa Dar anadeka

Shangazi Mbagala: Ndo naingia, simu haikuwa na chaji. Tunaenda wapi?

Kibonge: Shangazi tunafata barafu, we andaa ukwaju 😂😂

Babu: Nimesoma yote. Ujanani nilibeba mizigo ya wageni mlima ule. Nimeona mwanaume wa miraba minne anatapika kama mtoto. Mtu kichwa kikimgonga na tumbo likichafuka, mnashuka naye saa hiyo hiyo. Asiniambie mtu nimeshalipa hela yangu. Na koti la mwenzenu lirudi kabla ya safari.

Da Mkubwa: Shikamoo Babu. Tumesikia

Kibonge: Shikamoo Babu. Mama Pacha koti lipo, zipu ndo imekufa, kesho nalipeleka kwa fundi

Mama Pacha: Nalisubiri

Da Mkubwa: Haya, pacha wana viatu vya kufunga? Na yule wa Tabata mwenye pumu ameshaonana na daktari? Nijibiwe leo

Da Mkubwa: ???

Shangazi Mbagala: Mi hela mpaka tarehe 30. Kanga mbili hazitoshi mwanangu?

Da Mkubwa: Hazitoshi Shangazi. Nakupigia