Boila imezima na kesho ninapokea watoto: nifungue au nifunge?

Mlezi_Leicester
Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni mlezi wa watoto niliyesajiliwa na Ofsted, idara inayokagua shule na malezi ya watoto hapa Uingereza, na kazi yangu ninaifanyia nyumbani, katika nyumba ya kupanga hapa Leicester. Tangu asubuhi boila imezima, redieta zote ni baridi na nje kuna barafu, ilhali wakala wa mwenye nyumba ameniahidi fundi keshokutwa. Kesho natarajia watoto watatu, mmoja wao ana miezi kumi, na wazazi wao ni watu wa zamu ambao si rahisi kuomba ruhusa kazini kwa taarifa ya usiku mmoja. Jirani yuko tayari kuniazima hita ya mafuta ya taa, na mama mkwe ananishauri niwashe oveni ya gesi na kuacha mlango wake wazi. Naomba ushauri wenu, pamoja na suala la ada endapo nitafunga.

Fundi_Gesi
Dada, kwanza toka nje ukaangalie bomba dogo la plastiki linalotoka kwenye boila kupitia ukutani. Boila nyingi za kisasa humwaga humo maji yanayotokana na mvuke uliopoa, na usiku wa barafu maji hayo huganda, boila ikajizima yenyewe kwa usalama, mara nyingi baada ya kutoa mlio wa kugugumia. Ukiona ndivyo, limwagie bomba maji ya uvuguvugu, kamwe si yanayochemka, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha upya. Tazama pia kipimo cha presha, ambacho kwa kawaida husoma kati ya bar 1 na 1.5 mfumo ukiwa umepoa. Zaidi ya hapo usiguse kitu, kwa kuwa kufungua boila ni kazi ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, yaani daftari rasmi la mafundi wa gesi. Ukisikia harufu ya gesi, piga 0800 111 999.

Hita ya jirani usiichukue, na oveni ibaki ya kupikia. Vyote viwili huchoma mafuta ndani ya chumba ambacho umekifunga madirisha kwa ajili ya baridi, na kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayoweza kutokea hapo, haionekani wala hainuki.

Shangazi_Luton
Naunga mkono, ila sioni sababu ya kufunga moja kwa moja. Redieta ya umeme yenye mafuta ndani yake inaweza kupasha chumba kimoja vizuri, mradi uichomeke kwenye soketi ya ukutani na si kwenye ekstensheni, uiweke angalau mita moja kutoka kwenye mapazia na makochi, na uizungushie kizuizi.

Anayenitia wasiwasi ni huyo wa miezi kumi. Chumba anacholala mtoto mchanga kinashauriwa kiwe kati ya nyuzi 16 na 20 za Selsiasi. Sisi tumezoea kumfunika mtoto gubigubi na kumvisha kofia, lakini akilala ndani ya nyumba kofia hiyo inamzuia kutoa joto lililozidi mwilini, na chupa ya maji ya moto haitakiwi kitandani mwake. Kipimajoto kisiposoma 16 kabla hawajafika, usimpokee.

Mlezi_Leicester
Ahsanteni. Bomba halijaganda na presha iko sawa. Redieta ya umeme nitaipata kwa rafiki usiku huu. Wakala bado anasema keshokutwa.

Mpangaji_Mzoefu
Mwandikie barua pepe leo hii, usiishie kwenye simu. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 1985 kinamtaka mwenye nyumba atunze mitambo ya joto na ya maji moto, na muda unaostahili kwa matengenezo hutegemea uzito wa tatizo, kwa hiyo taja barafu na umri wa mtoto mdogo. Natumaini ridhaa yake ya wewe kufanyia kazi hapo unayo kwa maandishi, maana ndilo swali atakalolirukia.

Shangazi_Luton
Kuhusu ada, soma mkataba wako. Ikiwa haukutaja hali hii, mimi nisingemtoza mzazi kwa siku ambayo mlango wangu mwenyewe ndio uliofungwa. Wapigie wote watatu usiku huu huu, uwaeleze kwamba utapima joto saa kumi na mbili asubuhi na kuwajulisha, ili mama wa huyo mdogo aanze kutafuta msaada mapema.