Alama za krayoni na rangi kwenye Mustang ya 1966: nizisafishe au niziache?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za wikendi. Nimenunua gari la Ford, Mustang ya 1966 iliyolala garajini miaka mingi. Nimeanza kutoa grisi kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi, na chini yake kuna namba zilizoandikwa kwa mkono, kama kwa krayoni. Propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu la nyuma) ina mistari ya rangi, na nati kadhaa za mbele zina doa la njano. Fundi anataka kuosha kila kitu kwa dawa ya kusafishia breki, kisha apige rangi. Nimruhusu?

—

Marahaba mdogo wangu. Tafadhali mzuie leo hii. Dawa hiyo inayeyusha krayoni mara moja, na ikishatoka huwezi kuirudisha.

Kwa Ford za kuanzia 1967, kampuni ya Marekani iitwayo Marti Auto Works ina kumbukumbu za kiwanda. Unawapa namba ya chesisi, wanakuambia gari liliagizwa na vitu gani. Yako ni ya mwaka mmoja kabla, kwa hiyo haimo. Ushahidi wa jinsi ilivyotoka kiwandani umebaki kwenye bati lenyewe, na ndiyo maana nakusihi uende polepole.

Anza na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bati la ndani ya madigadi, upande wa dereva. Ikisomeka 6F07C na tarakimu sita nyuma yake, 6 ni mwaka 1966, F ni kiwanda cha Dearborn (R ni San Jose, T ni Metuchen), 07 ni bodi ya paa gumu, na C ni injini ya V8 ya inchi za ujazo 289 yenye kabureta ya midomo miwili. Kisha soma kibati cha mlango wa dereva. Tarehe 12C maana yake 12 Machi. Hiyo ni tarehe iliyopangwa, kwa hiyo siku chache huku au kule zisikusumbue.

Sasa linganisha na vyuma. Vyuma vya Ford vya kuyeyushwa vina tarehe yake, kwa mfano 6C02: mwaka 1966, Machi, tarehe 2. Herufi za miezi zinaruka I. Chuma lazima kitangulie gari. Ukikuta bloku ya injini ya 6D20 (20 Aprili) kwenye gari la 12C, injini hiyo iliingia baadaye, hata muuzaji aape vipi.

Namba za krayoni mara nyingi ni za mpangilio wa gari kwenye mstari wa kuunganishia, au za kumkumbusha mfanyakazi kifaa gani kifungwe. Kila kiwanda kilikuwa na desturi zake, kwa hiyo usilinganishe gari la Dearborn na la San Jose. Tafuta gari la kiwanda kilekile, la miezi ileile. Angalia pia kama rangi imepita juu ya krayoni au krayoni imepita juu ya rangi. Hapo utajua iliandikwa kabla au baada ya kupaka.

Mistari ya propela shafti ilisaidia kuchagua kifaa sahihi bila kusoma namba. Doa la njano kwenye nati mara nyingi ni la mkaguzi: nati imeshakazwa. Lichunguze kwa tochi ukiilaza pembeni. Likiwa limevuka nati na bati bila kupasuka, nati hiyo haijafunguliwa. Likiwa limekatika na vipande haviendani, spana imeshapita hapo.

Piga picha zote, pima alama iko wapi, ndipo usafishe kwa maji, sabuni laini na brashi laini, ukijaribu kwanza mahali pa kificho.

—

Nyongeza kutoka kwangu, kaka, upande wa makaratasi. Namba yako ina herufi na tarakimu 11 tu. Mpangilio wa 17 ulianza na magari ya 1981, kwa hiyo mfumo wa kompyuta ukiikataa usiogope, na usiongeze sifuri za kujazia. Hakikisha iliyo kwenye hati ya umiliki ni ileile ya kwenye bati. Na kama bati hilo limeoza, fundi asilikate kabla hujaongea na ofisi ya usajili ya jimbo lako. Sheria ya shirikisho la Marekani inakataza kuondoa au kubadili namba hiyo.

—

Asanteni sana. Nimemsimamisha fundi. Herufi ya kiwanda kwenye namba yangu ni R. Kwenye bolti ya difu kuna kibati kimeandikwa 3L00. Hiyo nayo?

—

San Jose, safi. Tatu na sifuri mbili ni uwiano wa 3.00, yaani propela shafti inazunguka mara tatu gurudumu likizunguka mara moja. L katikati ni difu linalopeleka nguvu pia kwenye gurudumu lisiloteleza. Kirudishe kibati kwenye bolti ileile, na ukibadilisha mafuta ya difu hakikisha yana kiongezo cha difu za aina hiyo, la sivyo litanguruma kwenye kona.