Watoto wa nguruwe wanalaliwa na mama yao usiku wa baridi: nipange vipi chumba cha kuzalia?

Mfugaji wa Chamwino:

Ndugu wafugaji, salaam. Ninafuga nguruwe wachache nje kidogo ya mji wa Chamwino. Mwezi wa saba nguruwe wangu mmoja jike alizaa watoto kumi na mmoja, wote wazima na wachangamfu, lakini kabla wiki haijaisha watano walikuwa wamekufa, na karibu wote tuliwakuta asubuhi wamelaliwa na mama yao. Jike huyu ni mpole, chumba kina nafasi ya kutosha na nilimtandikia nyasi kavu. Nilichokiona ni kwamba watoto hawakuwa wakiondoka tumboni kwa mama hata baada ya kunyonya. Jirani mmoja amenishauri niweke jiko la mkaa chumbani, mwingine anasema dawa ni kizimba cha chuma kinachombana jike asigeuke. Nina jike mwingine atakayezaa mwishoni mwa mwezi wa kumi, wakati wa joto kali. Je, tatizo hili litajirudia, na nifanye nini mapema?

Mtaalamu wa mifugo, Mpwapwa:

Ndugu yangu, pole kwa hasara hiyo. Ulichokiona mwenyewe, kwamba watoto hawaondoki tumboni kwa mama, ndicho chanzo cha vifo vingi ulivyovieleza. Mtoto wa nguruwe huzaliwa akiwa amelowa, hana manyoya ya kumkinga, hana mafuta ya maana chini ya ngozi, na akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli yake haimtoshi hata siku nzima kama hajanyonya. Katika siku za mwanzo anahitaji nyuzi joto 32 hadi 34 mahali anapolala, ilhali mama yake hustarehe kwenye nyuzi 16 hadi 22. Usiku wa mwezi wa saba huku kwetu joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi, na upepo juu yake. Mtoto aliyepoa hulegea, hashindani na wenzake kwenye chuchu, hukosa dang'a (maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa), na hujisogeza kwenye kitu pekee chenye joto kilichopo, yaani mwili wa mama. Mama anapojilaza, mtoto huyo hana nguvu ya kukimbia.

Kuhusu dang'a nisisitize, kwa sababu nguruwe hapitishi kinga kwa watoto wakiwa tumboni; kinga yote ya mwanzo hutoka kwenye maziwa hayo, na baada ya takriban saa 24 utumbo wa mtoto hauwezi tena kuipokea. Hivyo mtoto aliyeshinda anatetemeka pembeni siku ya kwanza, hata akinusurika kulaliwa, anaweza kufa kwa kuhara siku zinazofuata.

Jiko la mkaa usiliweke kabisa. Hewa yake ya sumu huua katika chumba kilichofungwa, na cheche moja kwenye nyasi inatosha kuteketeza banda zima.

Mama Mfugaji, Kongwa:

Naungana na mtaalamu. Kizimba cha chuma kinapunguza kulaliwa, lakini ni ghali, kinamnyima jike kutandaza kitanda chake cha nyasi, jambo ambalo kila jike hulifanya saa chache kabla ya kuzaa, na hakimpi mtoto joto hata kidogo. Mimi ningeanza na mambo mawili. Kwanza, zungushia kuta boriti imara, sentimita 20 hadi 25 kutoka ukutani na kimo hichohicho kutoka sakafuni, ili mama akijiangusha kwa kuegemea ukuta ibaki nafasi ya mtoto kupenya. Pili, tenga kona ya watoto kwa mbao, yenye mlango mdogo ambao mama hapiti, ujaze maranda makavu na uifunike juu.

Kisha wasome watoto wenyewe. Wakirundikana mmoja juu ya mwingine, wana baridi. Wakilala ubavu kwa ubavu wametulia, joto linatosha. Wakitawanyika na kuhema, limezidi. Mimi kipimajoto changu ni hicho.

Mfugaji wa Chamwino:

Nawashukuru sana. Banda langu halina umeme. Je, kona hiyo itafaa bila taa ya kuwapa watoto joto?

Mama Mfugaji, Kongwa:

Itafaa, kaka yangu. Sanduku lenye mfuniko huhifadhi joto la watoto wenyewe. Usiku ule wa kwanza ongeza madumu ya maji ya moto yaliyofungwa vizuri na kuviringishiwa magunia, uyabadilishe yakipoa. Wakaushe watoto kwa kitambaa mara wanapozaliwa, wanyonye, kisha uwapeleke kwenye sanduku kwa mikono yako mpaka wazoee. Ili uwepo wakati huo, hesabu siku 114 tangu alipopandwa. Ukiminya chuchu maziwa yakatoka kwa urahisi, mara nyingi kuzaa ni ndani ya saa 24.

Mfugaji, Dodoma mjini:

Niongeze kuhusu huyo wa mwezi wa kumi, kwani hapo mambo hugeuka. Nguruwe hatoi jasho la kutosha kujipoza, kwa hiyo joto likizidi nyuzi 25 jike anayenyonyesha huhema, hula kidogo, na maziwa hupungua. Watoto wenye njaa hung'ang'ania tumbo la mama, na kulaliwa kunarudi kwa njia nyingine. Mlishe alfajiri na jioni jua likishazama, na maji yasikatike: jike anayenyonyesha anaweza kunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, mzigo mkubwa kwa maeneo yetu, basi weka akiba kabla hajazaa. Mchana mdondoshee maji shingoni, lakini sehemu wanapolala watoto ibaki kavu, maana hata mwezi wa kumi mtoto aliyelowa hupoa. Upande wa mashariki, unakotoka upepo wetu mwingi, ukuta uwe mzima hadi kimo cha kiuno na juu yake uwe wazi, ili mama apate hewa na kona ya watoto isipigwe na upepo.

Mtaalamu wa mifugo, Mpwapwa:

Ushauri huo ni sahihi. Kwa kuwa sakafu yako huenda ni ya saruji, watoto hawatapata madini ya chuma kutoka kwenye udongo, na maziwa ya mama hayana ya kutosha. Wachomwe sindano ya madini hayo, miligramu 200 kwa kila mmoja, siku ya tatu. Mwombe afisa mifugo wa kata akuonyeshe mahali pa kuchoma shingoni.