Ardhi "ya ziada" ya UDOM: iuzwe au ibaki?

Wadau, Chuo Kikuu cha Dodoma kina eneo la kama hekta 6,000 pale Chimwaga na kando yake, na sehemu kubwa haijajengwa. Wapo wanaosema ile ya ziada ipimwe viwanja, iuzwe, chuo kipate fedha za mabweni na maabara. Napinga kuuza.

Chuo kilianza 2007. Wakati huo Bunge lilikuwa hapa lakini wizara zilikuwa Dar es Salaam. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza Serikali inahamia, Mei 2017 akaivunja CDA (mamlaka iliyokuwa ikiendeleza makao makuu na kusimamia ardhi ya Dodoma), Aprili 2018 tukawa jiji. Nani mwaka 2007 angethubutu kutaja ni hekta ngapi hazitahitajika? Hospitali ya Benjamin Mkapa imejengwa humohumo ndani ya eneo la chuo. Pangekuwa pameshauzwa viwanja, ingebidi kwanza kulipa watu fidia ndipo wagonjwa wapate hospitali.

Tukumbuke pia kwamba ardhi yote nchini ni ya umma, Rais ni mdhamini, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inatoa hati ya hadi miaka 99. Chuo kikihamisha haki hiyo kwa mtu binafsi, hata wajukuu zetu hawataiona ikirudi.

Hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu ni uvamizi. Eneo likikaa bila mwangalizi, leo utakuta msingi, kesho bati, na baadaye wakazi wanaodai fidia. Lakini dawa yake ni mipaka inayoonekana, miti inayostahimili ukame, na ukanda wa barabarani kupangishwa kwa mikataba ya miaka 33 kwa wajenzi wa hosteli na maduka. Muda ukiisha, ardhi na majengo virudi chuoni. Kodi ya kila mwaka ni bora kuliko donge linaloishia kwenye bajeti moja.

Na maji je? Jiji hili linategemea sana visima vya Makutupora, na mgao tunaujua wote. Mtaa mzima mpya kule juu utakunywa nini?

Mnaotaka kuuza, nijibuni: fedha zikishatumika na chuo kikahitaji pa kujenga ndaki mpya, kitanunua kwa nani, kwa bei gani? Na wenye uzoefu wa taasisi za umma kupangisha ardhi, hasa pale mikataba ilipoharibika, karibuni mtueleze kilichoharibu.